Muulize Nahodha: Nazi tatu baharini na dakika mbili

Mwezi uliopita niliandika mistari mitatu tu chini ya ukurasa huu. Nilisema kila diko, yaani bandari ya wavuvi, lina timu ya mpira na kila pwani inajua resi za ngalawa, lakini sijaona diko likishindana na jirani yake katika kumuokoa mtu au kumtafuta aliyepotea baharini. Nikapendekeza tuigize ajali, na tutafute nazi zilizoangushwa baharini. Nilidhani imepita. Kumbe mmeishika. Zimekuja barua kutoka Kojani mpaka Makunduchi, nyengine za kuunga mkono, nyengine za kunisema. Nimechagua hizi, maana mimi nikianza habari za bahari siachi, na mhariri ameshanionya.

*Assalaam alaykum Nahodha. Sisi ni vijana wa Kojani, tunakwenda dago, kambi za uvuvi mbali na kwetu, miezi mingi ya mwaka. Wazo lako tumelipenda na tunataka kuwaalika wenzetu wa Tumbe na Wesha. Tumepanga kuogelea mita 100 na kupiga mbizi kuokota tofali. Atakayeshinda anachukua mbuzi. Unatushauri nini?*
*Vijana wa diko, Kojani*

Waalaykumu ssalaam wanangu. Mbuzi nimemkubali. Mengine futeni.

Msinune. Watu wa Kojani kushindana kuogelea ni sawa na samaki kushindana kulowa. Mtajifunza nini? Mashindano ya uokozi yana maana yakipima pale tunapokosea, na sisi watu wa bahari hatukosei sana kuogelea. Tunakosea kukurupuka.

Nilikuwa na miaka 22, baharia wa jahazi la mizigo, tumefunga bandari ya Mkoani, Pemba. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, maji yanakupwa, mkondo unapita chini ya gati kama mto. Mwenzangu akateleza kwenye ubao wa kushukia. Nikavua shati, nikajitosa. Nilipomfikia, alinipanda. Sisemi alinishika: alinipanda, magoti juu ya mabega yangu, kama mtu anayekwea mnazi. Nakumbuka maji ya kijani na vidole vyake ndani ya nywele zangu. Aliyetutoa hakuwa muogeleaji. Alikuwa mpishi wetu, mzee aliyekuwa akisugua sufuria. Alichukua dumu la mafuta ya kupikia, akalifunga kamba, akalirusha likapita juu ya vichwa vyetu, kisha akalivuta taratibu mpaka likatugusa. Akatuvuta, akarudi kwenye sufuria yake. Usiku, wakati wa kula, ndipo aliponambia: "Leo ulitaka kunipa maiti wawili badala ya mmoja."

Basi mchezo wenu wa kwanza uwe wa dumu. Shirikisho la kimataifa la uokoaji wa maisha majini, lenye makao yake Ubelgiji, lina mchezo wa aina hii katika mashindano yake ya dunia: mwenzako yuko majini mita 12 kutoka kwako, nawe una sekunde 45 za kumrushia kamba na kumvuta mpaka aguse ukuta wa bwawa. Wao hurusha kamba tupu. Sisi tutie dumu la lita 5, ndani yake kikombe kimoja cha maji, kifuniko kikazwe. Likiwa tupu kabisa upepo unalichukua, likijaa litamvunja mtu pua. Kamba iwe mita 17 au 18. Mkono mmoja ushike mizingo ya kamba, mwengine urushe kwa chini. Lengeni kulipitisha dumu nyuma ya mtu na upande mkondo unakotokea, ili mkondo wenyewe umletee. Na mtoeni alama aliyesahau kushika ncha ya kamba. Mnacheka, lakini nimeiona kwa macho yangu kamba nzima ikilifuata dumu baharini, mrushaji amesimama na mikono mitupu.

Mchezo wa pili ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio utakaowagombanisha na marafiki zenu. Shirikisho hilohilo linao: timu ya watu wanne inaingizwa penye ajali ya kuigiza ambayo haikuambiwa chochote juu yake, inapewa dakika mbili, basi. Timu zote zinakuta ajali ileile na zinahukumiwa na waamuzi walewale. Kwa hiyo zinazosubiri lazima zifungiwe mahali zisione. Banda la nyavu linatosha, mradi mlinzi wa mlango asiwe shemeji wa mtu.

Ajali ipangeni hivi. Mtumbwi umepinduka kwenye maji ya kifuani. Mmoja anapiga kelele "nakufa, nakufa" na kurusha mikono. Wa pili ameshika ubavu wa mtumbwi kimya, macho yamemtoka. Wa tatu yuko mbali kidogo, kichwa kinaingia na kutoka majini, hasemi neno. Na pwani yupo mzee anayetaka kujitosa kumfuata mwanawe. Pigeni filimbi mtazame. Timu nyingi zitamkimbilia mwenye kelele. Mwenye kelele ana pumzi! Anayezama kweli hana pumzi ya kupigia kelele. Anajaribu kuvuta hewa tu. Alama nyingi apewe aliyemuona wa tatu kabla ya yote, na aliyemtuma mtu kumshika yule mzee asiingie. Aliyepaza sauti "wewe piga simu, wewe leta kamba", akitaja mtu kwa jina lake, naye apewe. Anayeruka majini bila ya kitu cha kuelea mkononi, hata akimtoa mtu, sifuri.

Waamuzi msichaguane wenyewe kwa wenyewe. Mwendeeni Sheha, kiongozi wa shehia yenu, awasaidie kuandika barua kwa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi na kwa KMKM, kikosi cha kuzuia magendo baharini, na muombeni muuguzi kutoka hospitali iliyo karibu. Kikosi kikija, kisije kushindana na nyinyi mara ya kwanza. Kije kihukumu na kifundishe. Mwaka wa pili washindeni.

*Nahodha, mimi nina faiba, boti ya faibaglasi, hapa Wesha. Umetaja mashindano ya kutafuta aliyepotea baharini. Kwani si mwenye mashine kubwa atashinda kila siku? Mimi yangu ni ndogo.*
*Mwenye faiba, Wesha*

Mwenye mashine kubwa atafika haraka mahali ambapo mtu hayupo.

Mchukueni mtu mmoja asiye na timu, aende na boti yake kati ya Wesha na Misali, aangushe nazi tatu kavu zilizopakwa rangi. Aandike saa na mahali. Baada ya nusu saa ndipo timu ziambiwe: zilianguka pale, saa fulani. Kila timu itafute kwa zamu yake na kwa nazi zake, na mwendo wa mashine uwe mmoja kwa wote.

Sasa piga hesabu. Mkondo ukienda maili 2 za bahari kwa saa, nusu saa nazi imeondoka maili nzima, mita 1,850 hivi. Ukienda kutafuta "pale ilipoanguka" umeshapoteza. Kwa hiyo swali la kwanza la timu si wapi imeanguka, ni maji yanajaa au yanakupwa, bamvua au maji mafu yasiyo na nguvu, na upepo gani. Wazee wetu walikuwa wakilijibu hilo wakiwa wamekaa barazani. Nataka nione kama vijana wenye simu za ramani wanalijibu.

Ukishapata mahali pa kuanzia, usizunguke kama nzi. Nenda mraba unaopanuka: dakika 1 mbele, geuka kulia, dakika 1, geuka kulia, dakika 2, kulia, 2, kulia, 3, kulia, 3, hivyo hivyo. Dira na saa ya mkono vinatosha. Ndivyo wanavyotafuta watu wa uokozi duniani kote pale wanapojua kwa karibu mtu alipo. Na mkifika mwanzo wa mraba angusheni kitu kinachoelea kama alama. Kitakwenda na maji pamoja na aliyepotea, mtajua mnasogea na bahari wala hamuikimbii.

Kuna sehemu moja wengi wataisahau. Timu ipeleke karatasi kwa waamuzi ikionesha ilipopita. Ikiwa haikupata hata nazi moja lakini karatasi yake inaonesha sawasawa mahali ilipotafuta, ipewe alama nzuri. Kwenye ajali ya kweli, kujua mahali asipokuwepo mtu kunamsaidia anayekuja nyuma yako. Wasaidizi wa kujitolea wa walinzi wa pwani wa Marekani na Kanada nao wamewahi kushindana kirafiki, na si yote yalikuwa ya boti: walikaa na penseli na ramani wakipanga pa kutafuta. Kwa hiyo leta faiba yako ndogo. Na ujaze mafuta.

*Mimi ni mkulima wa mwani, Jambiani. Tunaingia majini kila bamvua na wengi wetu hatujui kuogelea. Hayo mashindano ni ya wanaume peke yao?*
*Mama wa mwani*

Dada yangu, hapana, na nakuomba radhi kwa kuandika mwezi uliopita kama kwamba bahari ni ya wavuvi. Nyinyi mnakwenda mbali ya pwani maji yakiwa yamekupwa, na yakianza kujaa hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu. Hatari hiyo mvuvi wa boti haijui.

Kumbuka mchezo wa dumu haumtaki mrushaji alowe. Na nyinyi mna kamba ambayo hakuna mwanamume anayetembea nayo. Kanga mbili zikifungwa fundo ni mita 3 hivi za kumfikia mtu aliye kwenye mfereji, na wewe umelala kifudifudi juu ya mchanga huku mwenzako amekushika miguu. Huo uwe mchezo wa kina mama wa Jambiani na Paje, halafu wanaume waje waujaribu kwa shati tuone.

Upo na mchezo wa ujumbe. Mtu wa kwanza anaelezwa ajali sikioni: boti jina gani, iko wapi, watu wangapi, nini kimetokea, wanahitaji nini. Anampa wa pili, wa pili wa tatu, wa nne anayesema mbele ya waamuzi kama anayezungumza kwenye redio chaneli 16, ile ya kuombea msaada baharini. Niliucheza na mabaharia wangu zamani. Watu 7 walitoka mwanzo wakafika mwisho 17, na boti iliyokuwa Kizimkazi ikafika Mkokotoni. Sheria yake ni moja: kila anayepokea arudie alichosikia kabla ya kupeleka mbele. Kina mama wanaohesabu mafungu ya mwani mbele ya mnunuzi mjanja hawatashindwa hapa.

Kuhusu kuogelea kwenyewe, usikate tamaa. Nungwi mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea, wamevaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima, na walimu ni wanawake wenzao. Kwa hiyo habari ya stara isiwe tena sababu. Ulizeni kama anaweza kupatikana mwalimu wa kuja kwenu kusini.

*Nahodha, nakuheshimu lakini hapa nakupinga. Mimi ni wa Nungwi. Nilikuwa pwani asubuhi ile ya Septemba 2011 miili inapoletwa. Kuigiza kuzama, watu wanapiga makofi na mbuzi amefungwa pembeni, ni kuchezea msiba.*
*Mzee wa Nungwi*

Kaka yangu, barua yako niliisoma mara mbili, nikaiweka, nikaenda kuswali, nikarudi kuisoma.

Kwa vijana wasiojua: usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ikiwa safarini kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi, imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Miili iliyopatikana ilikuwa zaidi ya 200, na wengi hawakuonekana tena. Kulikuwa na watu walionusurika kwa kushikilia magodoro. Wavuvi na boti za wapiga mbizi ni miongoni mwa waliokwenda kuwatoa. Hata mwaka haujatimia, Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mimi Pemba yangu hakuna mtaa usio na nyumba iliyofiwa.

Kwa hiyo nakukubalia haya. Jina la meli yoyote iliyozama lisitajwe kwenye mchezo. Asiigizwe maiti na asitumiwe mtoto kuwa anayezama. Watu wasijifanye kulia. Kianze kisomo na dua, na kama yupo aliyefiwa na bahari asiyetaka kutazama, asiulizwe kwa nini ameondoka. Makofi yangojee mpaka yule "aliyezama" asimame kwa miguu yake.

Lakini la kuacha kabisa sikukubalii. Boti 10 zikitoka usiku kwa nia njema bila ya kugawana bahari, zote zitapekua mahali pamoja, mahali penye kelele, na wale waliochukuliwa kimya na mkondo hawatapata hata moja. Kugawana huko hakufundishwi usiku wa ajali. Kunataka watu wa Nungwi, Tumbatu na Mkokotoni wawe wameshawahi kukaa ubao mmoja wakabishana juu ya nazi. Ukiniruhusu nitakuja Nungwi nikae na wewe tulizungumze. Kahawa juu yangu.

*Kwetu resi za ngalawa haziishi bila ya ugomvi. Sasa wewe unatuletea na jengine. Na lini hasa yafanyike?*
*Msomaji, Mkokotoni*

Ugomvi mwingi unatoka kwenye zawadi. Zawadi iwe kamba, tochi, jaketi za kuokolea, na mbuzi aliwe na wote siku ileile, mshindi na mshindwa sinia moja. Na raundi ya mwisho changanyeni timu kwa kura, mtu wa Tumbatu na wa Mkokotoni wawe upande mmoja. Baharini ndivyo itakavyokuwa, hutachagua nani yuko kwenye boti iliyo karibu na wewe. Watu wa Makunduchi kila Mwaka Kogwa wanapigana kwa magomba ya migomba mchana na kula pamoja baadaye, na sisi tutashindwa kwa dumu?

Makosa ya timu yasemwe baadaye, kivulini, si kwa spika. Nilikuwa muamuzi wa resi za boti mara moja, timu ikaja na boti mpya inang'aa, jaketi bado zimo ndani ya nailoni zake, mashine ikazima kabla ya kuanza: hawakutia mafuta. Nikawacheka mbele za watu. Jioni ile ile tulipotaka kufunga boti gizani wakaniomba tochi. Yangu haikuwa na betri. Sikutaja ni kina nani, na wao, Mungu awalipe, hawakunitangaza mimi.

Kuhusu siku: Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia kuzama duniani. Ni siku nzuri ya mikutano na hotuba, lakini Julai kusi linavuma na sitaki tuzame kwa ajili ya kuzuia kuzama. Michezo ya majini ifanyeni maleleji, kusi likishatulia kabla ya kaskazi kushika.

*Katika mashindano, timu ikimtoa mtu aliyekunywa maji ikamning'iniza kichwa chini kumtoa maji, inapata alama ngapi?*
*Mwanafunzi wa uuguzi, Mjini*

Inatolewa zote, na unalijua jibu, unanipima tu. Aliyezama kakosa hewa. Kumning'iniza au kumbinya tumbo ni kupoteza muda na kunaweza kuyapeleka matapishi mapafuni. Kama hapumui, alazwe chali, apewe pumzi 5 kwanza, kisha kifua kikandamizwe mara 30 na pumzi 2, 30 na 2, kwa kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi kwa mtu mzima. Lakini wasijaribu kwa mtu mwenye afya yake! Mwanasesere wa mazoezi aazimwe. Akikosekana, mto mgumu. Wewe njoo uwe muamuzi wa sehemu hii, nauli tutachanga.

*Babu Nahodha, kwa nini nazi? Si bora dumu, linaonekana zaidi?*
*Mwanafunzi wa darasa la sita, Wete*

Ndiyo sababu yenyewe, mjukuu wangu. Dumu tupu linakaa juu ya maji, upepo unalisukuma, linakwenda njia yake. Nazi kavu inazama zaidi ya hilo dumu, inabaki juu sehemu yake tu, kama kichwa cha mtu, na inakwenda na mkondo kama mtu anavyokwenda. Tena kuiona ni kazi. Jaribu: mwambie mkubwa wako aiangushe kutoka gatini, uisindikize kwa macho mpaka ikupotee. Utashangaa jinsi ilivyo karibu inapopotea.

Ikipatikana mpelekee mama. Muoshee rangi kwanza kabla hajaifua.